Moyo wa Sanduku la Nyundo

Kazi ilikuja kwenye karatasi moja, na Jamiru aliisoma mara tatu akiwa amesimama katikati ya vumbi la mbao. Sanduku kubwa la mbao, tupu ndani, kimo chake kifike kiunoni mwa mtu. Nyundo ya mbao yenye mpini mrefu kama wa jembe. Chini kabisa mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu, kwa Kiswahili kilichonyooka: Sauti iwe fupi na nzito, kama pigo la shoka. Isiwe na mlio wa chuma hata kidogo.

"Miaka kumi na moja niko hapa Dubai, hapa Jebel Ali," alisema Elisante, msimamizi wa karakana, Mchaga mwenye tumbo na sauti ya mwalimu wa zamu. "Nimejenga vibanda vya maonyesho vya kuuzia magari, manukato, mpaka meno ya bandia. Sijawahi kuambiwa nijenge sauti."

"Nani ameandika hapa chini?"

"Madam mmoja wa okestra. Sura ya Kiarabu, Kiswahili cha Unguja. Kesho anakuja mwenyewe. Na wewe, fundi, uvae shati lenye vifungo. Usije ukamtisha na hiyo sura ya matanga."

Vijana waliokuwa wakipiga msasa walicheka. Jamiru hakucheka.

Sura hiyo alikuwa nayo kwa wiki sita. Wiki sita nyuma, saa nne asubuhi, pale ambapo sasa palikuwa na rundo la plaiwudi, fremu ya ukuta wa maonyesho ilikuwa inaning'inia kwenye winchi. Ndoano ya winchi ile ilikuwa mbovu. Kile kifungo cha chuma kinachoziba mdomo wa ndoano ili mnyororo usichomoke kilikuwa kimelegea, na Elisante alikuwa amekikaza kwa waya akisema spea iko njiani. Muzamiru, rafiki wa Jamiru tangu siku walipopanda ndege moja kutoka Entebbe, alilalamika mara mbili. Mara ya pili alijibiwa kwa ukali. "Yalla, wewe ni fundi au mkaguzi? Ingia chini uweke magogo, lori linangoja." Muzamiru akaingia. Waya ukakatika, fremu ikamwangukia.

Jamiru alikuwa hatua nne kutoka pale, peke yake. Kilichomganda kichwani hakikuwa damu. Ilikuwa sauti. Fupi, nzito, haikuacha hata mwangwi, kana kwamba karakana nzima ilikuwa imefunga mdomo.

Kabla wakaguzi hawajafika, ndoano ilikuwa imebadilishwa. Kabla jua halijazama, karatasi ilikuwa mezani: marehemu alionywa mara mbili asiingie chini ya mzigo, akakaidi. Palikuwa na mstari wa shahidi. Elisante aliufunika kwa kidole, akaufunua, akasema polepole, "Mimi nina watoto watatu Moshi. Wewe viza yako inaisha baada ya miezi miwili, na anayeijaza ni arbab, mwenye kampuni. Yeye hafufuki, Jamiru." Jamiru akasaini.

Halafu jioni, akifagia, ufagio wake uligonga kitu ndani ya maranda. Kifungo cha ndoano, kilichovunjika, ukubwa wa kiganja, waya wa Elisante ukiwa bado umekizunguka. Alikitia mfukoni. Hakumwambia mtu. Tangu siku hiyo alilala nacho chini ya mto kama mtu anayeficha jino lililong'oka.

Kila Jumapili alipanda metro kwenda Karama, mtaa uliojaa wageni wa kila nchi, kumwona Jalia, mjane wa Muzamiru, aliyekuwa akisafisha nyumba za watu na kulala chumba kimoja na wanawake sita, kila mmoja na pazia lake. Walikaa kwenye mgahawa wa chini, wakaagiza wali na dengu, na Jalia hakula. Kila Jumapili swali lilikuwa lilelile.

"Kaka Jamiru, wameandika kwamba alionywa. Huko kijijini mama yake ameshaambiwa mwanawe alikufa kwa ukaidi. Mwanangu atakua akiambiwa hivyo. Wewe ulikuwepo. Alionywa?"

"Nilikuwa nimegeuka."

"Hukusikia hata neno?"

"Mashine zilikuwa zinapiga kelele."

"Haya." Jalia alikunja leso yake mara nne, akaikunjua. "Mwisho wa mwezi wanafunga faili. Ukikumbuka kitu, usiningoje Jumapili."

Huyo ndiye aliyekuwa Jamiru siku mwanamke wa okestra alipoingia karakana, akivuka mabaki ya mbao kwa viatu vyeusi bila kuangalia chini. Alikuwa wa makamo, mabega mapana, viganja vyenye sugu ambazo Jamiru hakutegemea kuziona kwenye mkono uliotoka ndani ya abaya ya hariri.

"Ndo wewe fundi?"

"Ndiyo, madam."

"Madam waite mabosi wako. Mie Huda. Bibi yangu kazaliwa Mkunazini, kaondoka na mkoba mmoja. Niite Bi Huda, yatosha." Aligonga ubao uliokuwa karibu naye kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akaguna. "Huu ni kabati. N'nachotaka si kabati."

"Bi Huda, kwa nini msitumie ngoma? Ngoma ninaijua. Baba yangu alikuwa mtengeneza ngoma, kando ya barabara ya Masaka, na baba yake pia. Ninaweza kukutengenezea ngoma ya kuamsha mji."

Aliyasema kwa kiburi, cha kwanza kumtoka kwa wiki sita. Huda alimtazama vizuri, akavuta kigoda, akakaa.

"Ngoma n'nazo tisa, na zote nazipiga mie. Sikiliza. Zamani muziki wa hawa watu wa Ulaya ulikuwa kama mtu atokaye kwake asubuhi. Atazunguka, atapotea kidogo, lakini mwisho lazima arudi nyumbani. Msikilizaji aijua ile sauti ya nyumbani, na ikifika, roho yatulia. Halafu akaja mtunzi mmoja, Wagner, akamchelewesha mtu njiani. Wamngoja arudi, harudi. Ukidhani kashika kitasa, kageuka tena. Baada yake ndo akaja huyu Mahler, mwenye simfoni yetu hii ya nyundo. Okestra ya kawaida haikumtosha. Akaongeza tarumbeta, akaongeza ngoma, akatia mpaka kengele za ng'ombe, kwa sababu lile alilokuwa nalo kifuani halikuwemo ndani ya fidla. Na bado halikutoka. Ndo akaomba nyundo. Simfoni hii yarudi nyumbani, fundi, lakini ikifika yakuta msiba."

Jamiru alikuwa ameacha kushika randa.

"Na waliokuja baada yake?"

"Alikuwepo kijana, Schoenberg. Huyo akauliza: kama nyumbani pamekuwa hivo, kwani kujidai twarudi ni kumdanganya nani? Akaiacha nyumba kabisa. Hamna sauti ya mwenyeji, zote wageni, kila moja na haki sawa. Watu wakapiga miluzi ukumbini, wakagombana. Mahler mwenyewe alikiri haelewi muziki wa yule kijana, lakini alisimama kumtetea. Angefanyaje? Mlango alishaufungua yeye."

"Zote wageni," Jamiru alirudia. "Kama Karama."

Huda alicheka kwa sauti hata Elisante akachungulia kutoka ofisini. "Ewaa! Kama Karama."

"Nyundo inapigwa mara ngapi?"

"Mwanzo aliandika mapigo matatu. Baadaye akalifuta la tatu. Wako wasemao aliona muziki wakaa vizuri zaidi bila ya hilo. Wako wasemao aliogopa, kwamba pigo la tatu ndo lile linalomwangusha mtu asiinuke. Kiongozi wetu wa okestra ataka mawili."

"Mtu anaogopaje kitu alichokiandika kwa mkono wake?"

"Kuandika waweza kwa kalamu tu. Kusikia mbele za watu, hapo ndo pana kazi." Huda aliinuka, akakung'uta maranda kwenye abaya. "Mafundi wawili wameshanishinda. Sanduku la mmoja lalia kama mlango wa jokofu. Hiyo sauti wewe waijua?"

Jamiru aliangalia rundo la plaiwudi.

"Ninaijua," alisema.

Alilijenga kwa siku tisa. Fundi mwingine angetumia mbao nyembamba ili sauti iruke. Yeye alichagua mkangazi mnene pembeni na juu akaweka tabaka mbili zenye pengo la kidole katikati. Alibandika, akagonga, akabandua, akaanza upya. Wenzake walimtania kwamba anamjengea arbab jeneza la kukalia. Hakuwasikia. Kwa mara ya kwanza tangu afike Dubai alikuwa anatengeneza kitu ambacho hakingevunjwa na kutupwa baada ya maonyesho ya siku tatu. Na kila alipogonga alikuwa akiitafuta asubuhi ile, akiisogelea kwa unene wa msasa, na ilipokaribia sana aliweka nyundo chini akaenda kunywa maji.

Siku ya kulifunga, alifanya alichofanya baba yake kwa kila ngoma. Kwao ngoma haifungwi bila kutiwa moyo. Kabla ya ngozi ya mwisho, mtengenezaji hutumbukiza kitu kidogo ndani, mbegu au ushanga, na hakifungwi wala kugandishwa, maana moyo uliofungwa haupigi. Ngoma isiyo na moyo baba yake aliiita ndoo, akaiuza kwa watalii. Na ngoma ya msiba hutiwa kitu cha marehemu, kisha watu wake ndio wanaokuwa wa kwanza kuisikia.

Jamiru hakuwa na kitu cha Muzamiru isipokuwa glavu moja ya kazi, na kile chuma. Alikitia chuma ndani ya glavu bila kuifunga, akaitumbukiza sandukuni. Aligonga kwa nyundo ndogo. Sauti ilikuwa sawasawa. Alipaka gundi, akakaza skrubu ya mwisho, akahisi mwili umekuwa mwepesi, kama mtu aliyeweka siri yake mahali ambapo haiwezi kupatikana na wakati huohuo haijatupwa. Hakukumbuka ile karatasi ya kazi, iliyokataa mlio wa chuma. Au aliikumbuka, akaona maneno yale yaliandikiwa mafundi wa kabati, si mtoto wa mtengeneza ngoma.

Mazoezi ya mwisho ya okestra yalikuwa Jumamosi asubuhi, ukumbini. Huda alikuwa amempa pasi mbili, na Jamiru alimpa moja Jalia.

"Muziki wa Wazungu?" Jalia alishangaa. "Mimi nina nyumba mbili za kusafisha."

"Njoo tu. Kuna kitu nimemtengenezea Muzamiru."

Akaja, amevaa gomesi yake ya njano, vazi la pekee alilotoka nalo kwao, akakaa safu ya kwanza kabisa kwa sababu hakujua kwamba watu huchagua viti vya nyuma. Elisante naye alikuwepo, amesimama kando ya jukwaa. Ndiye aliyeendesha gari lililobeba sanduku, na lilikuwa limetikiswa barabara nzima kutoka Jebel Ali.

Watu zaidi ya mia walikuwa jukwaani. Muziki ulipoanza Jamiru alishika kiti. Hakujua sauti nyingi hivyo zinaweza kukubaliana kutembea pamoja. Zilitembea kama jeshi, zikasimama, zikalia kama mtu mmoja, zikaanza tena kwa nguvu zaidi, na kila zilipokaribia kutulia kitu kiliziondoa njiani. Aliyakumbuka maneno ya Huda. Mtu anashika kitasa, anageuka. Jalia alikuwa ameegemea mbele, mikono magotini.

Nyuma kabisa, juu ya ngazi, Huda aliinua nyundo kwa mikono miwili. Okestra yote ilipanda, ikafika kileleni, na nyundo ikashuka.

Pigo lilitoka, na nyuma yake, wazi kama kijiko kwenye sahani, *kling'i-kling'i-kling'i*.

Kiongozi alishusha mikono. Muziki ulianguka vipandevipande. Mpiga fidla mmoja alicheka, akajizuia. Huda aligonga tena kwa kiganja, akaweka sikio, uso wake ukabadilika.

"Fundi! Wee fundi, hebu njoo. Kuna nini humu?"

Jamiru alipanda jukwaani na bisibisi yake. Watu zaidi ya mia walimtazama akifungua skrubu, moja baada ya nyingine, masikio yakimwaka. Ufundi wake ulikuwa umedhalilishwa mbele ya watu waliokula kiapo cha kusikia, na huo ulikuwa uchungu wa kwanza. Wa pili ulimpata alipoinua ubao. Glavu ilikuwa imelala pembeni, tupu. Chuma kilikuwa katikati ya sanduku, waya ukimetameta chini ya taa.

Huda alikitoa, akakipima mkononi. "Hiki nini?"

Elisante alikuwa ameshafika. Alikitambua kabla ya mtu mwingine yeyote. Jamiru aliona rangi ikimtoka usoni, kisha sauti ya mwalimu wa zamu ikarudi, laini kuliko kawaida.

"Ah, samahani sana, madam. Ni takataka ya karakana. Kijana amesahau. Nipe mimi nikatupe, yalla, msichelewe." Akanyoosha mkono.

Jalia alikuwa amesimama chini ya jukwaa. Hakuwa akitazama chuma. Alikuwa akitazama glavu, ambayo kwenye kifundo ilikuwa imeshonwa kwa uzi mwekundu, uzi wake mwenyewe.

"Hiyo ni ya mume wangu," alisema.

Mkono wa Elisante ulibaki hewani. Huda alimtazama Jalia, kisha Elisante, kisha Jamiru, na hakumpa mtu chuma.

"Fundi," alisema, "n'nakuuliza wewe. Umesahau?"

Ilikuwa rahisi. Neno moja tu. Ndiyo, nimesahau, na chuma kingeingia mfukoni mwa Elisante, viza ingejazwa, na Jumapili angekula wali na dengu mbele ya mwanamke asiyekula. Elisante alisogea karibu, akanong'ona bila kuchezesha midomo. "Jamiru. Viza yako imebakiza siku tisa. Fikiri."

Na Jamiru alifikiri. Alifikiri kwamba alikuwa ametumia siku nyingine tisa kuitafuta sauti ile kwa randa na msasa, akaipata, kisha akaifungia chuma ndani isisikike.

Hakusema kwa Kiganda, lugha yake na ya Jalia. Alisema kwa Kiswahili, ili Jalia, Huda na Elisante wote wamsikie, na yeye mwenyewe asipate pa kujificha.

"Sikusahau. Nimekiweka mwenyewe. Ni kifungo cha ndoano iliyomwangushia Muzamiru mzigo. Kilikuwa kimelegea tangu kabla, na huo waya ulifungwa na Elisante. Muzamiru alilalamika mara mbili. Hakuonywa, Jalia. Aliamrishwa. Alikuwa anaogopa, akaamrishwa, akaingia. Mimi nilikuwa hatua nne. Sikugeuka. Nilisaini karatasi yao kwa mkono huu."

Hakuna mwanamuziki aliyeelewa neno. Kiongozi alifungua mdomo. Huda alimwinulia kidole bila kugeuka.

"Mwongo huyu, madam," alisema Elisante, lakini alisema kama mtu anayesoma. "Amechanganyikiwa tangu rafiki yake afe. Kila mtu anajua."

Huda alishuka ngazi tatu, akaenda mpaka ukingoni mwa jukwaa, akainama, akamwekea Jalia chuma mikononi, na glavu juu yake.

"Usimpe mtu," alimwambia. "Hata polisi usiwape kabla hujakipiga picha. Nakuja nawe mie."

Elisante alitazama mikono ile miwili iliyofumba. Kwa dakika moja alionekana kama anataka kusema jambo jingine, kuhusu watoto watatu labda. Kisha akatoa simu, akaelekea mlangoni, na mlango wa ukumbi, uliotengenezwa usipige kelele, ukafunga nyuma yake bila sauti. Haikuchukua muda simu ya Jamiru ikatetemeka mfukoni, ujumbe wa Elisante. Khalas, kazi imekwisha. Vitu vyako vitakuwa getini. Usiingie karakana.

Jalia hakuwa amelia. Alikuwa akimwangalia Jamiru kwa macho makavu, na Jamiru aliona wazi kwamba hatasamehewa, si leo. Jumapili saba zilikuwa zimekaa kati yao, sahani kwa sahani.

"Wiki saba," alisema Jalia.

"Ndiyo."

"Ulikula na mimi."

"Ndiyo."

Kiongozi aligonga kijiti chake kwenye meza ya karatasi za muziki. Muda wa ukumbi ulikuwa unahesabiwa, na watu zaidi ya mia hawawezi kungoja msiba wa mtu. Jamiru alirudisha ubao, akakaza skrubu zote, kumi na sita. Sanduku sasa lilikuwa tupu. Ndoo, baba yake angesema. Alishuka jukwaani, akasimama kando ya Jalia, mbali kidogo, kwa sababu hakuthubutu kukaa.

Walianza tena nyuma kidogo ya pale walipokuwa wameachia. Jeshi likatembea, likasimama, likalia. Huda akapanda ngazi, akainua nyundo. Okestra ikapanda hadi kileleni.

Nyundo ikashuka.

Haikulia. Haikuacha mwangwi. Ukumbi mzima ulifunga mdomo kwa kitambo kisichofika pumzi moja, kisha muziki ukaendelea, umevunjika, ukichechemea kama mtu ambaye hajaambiwa bado kwamba amekufa. Kiongozi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Ilikuwa sawasawa, kama ilivyoandikwa.

Jalia alikuwa amekamata chuma kwa nguvu hata waya ukamchoma kidole. Aliongea bila kumtazama.

"Siku ile, ilikuwa hivyo?"

"Ndiyo," alisema Jamiru. "Hivyo hivyo. Limebaki pigo moja."

Jalia akaketi. Alifunga macho, akangoja pigo la pili.